Teua kwa makini mpango wa kukuokoa gari likikwama

NI saa tano usiku, mvua inanyesha, na gari limezimika ghafla kwenye barabara ya Kibera Drive, hatua chache kutoka Olympic. Dereva anageuza ufunguo mara ya tatu lakini injini haitoi hata mguno. Mafundi wa kando ya barabara wamekwisha kufunga vibanda vyao. Abiria wa mwisho ameshuka, akajifunika koti kichwani na kushika njia ya kuelekea Soweto West kwa miguu. Kilichobaki ni simu na nambari moja iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kioo cha mbele.

Hiyo ndiyo saa inayopambanua mpango wa kweli wa usaidizi wa barabarani na karatasi tupu. Kwa bahati mbaya, wenye magari wengi hununua mpango huo mchana, jua likiwaka, wakiongozwa na bei yake na picha ya lori lililong'arishwa kwenye tangazo. Ni wachache wanaojiuliza iwapo lori hilo litafika mahali gari lao linapolala, katika saa ambayo gari hilo hukwama, na iwapo litakubali kulibeba kwa jinsi linavyotumiwa.

Maswali hayo matatu, yaani mahali, saa na matumizi, ndiyo mizani ya kupimia mpango wowote. Bei huja baadaye.

Soweto West ni mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera, kilomita zipatazo tano kusini magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi. Njia nyingi za ndani ni vichochoro visivyopitika kwa gari, hivyo wenye magari hulazimika kuyaegesha karibu na lami, pande za Olympic au Ayany. Kwa wengi wao gari ni kitega uchumi: teksi, matatu, au Probox ya kubebea mizigo ya sokoni. Siku moja gari likilala gereji ni siku moja bila unga nyumbani. Hali ni hiyo hiyo kwa wenzao wa Kawangware, ng'ambo ya pili ya barabara ya Ngong.

Wazo la zamani

Huduma ya kuwaokoa madereva waliokwama ilianza karibu pamoja na magari yenyewe. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kiliundwa mwaka 1902. Kile cha Ujerumani, ADAC, kilifuata mwaka 1903, na kile cha Uingereza, AA, mwaka 1905. Nchini Kenya, Lionel Douglas Galton-Fenzi alishiriki kuanzisha chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mwaka 1919, ambacho ndicho asili ya AA Kenya ya leo. Mnara wa kumbukumbu yake, ulioandikwa umbali wa kutoka Nairobi hadi miji mbalimbali, ungali umesimama kando ya Kenyatta Avenue.

Msingi wa vyama hivyo ulikuwa mmoja. Kila mwenye gari hutoa fedha kidogo kwa mwaka, na yule atakayekwama husaidiwa kwa fungu la wote. Wakazi wa Kibera wanaochanga kila wiki katika vyama vyao wanaufahamu utaratibu huo vyema kuliko wanavyodhani.

Siku hizi huduma hiyo hupatikana kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni uanachama wa mwaka katika chama au kampuni ya uokoaji. Ya pili ni kuipata kama nyongeza katika bima ya gari. Ya tatu ni kumwita mwenye lori la kuvuta magari, maarufu kama brekidauni, na kumlipa papo hapo. Kila njia ina manufaa yake na mitego yake.

Kibandiko cha bima hakitoshi

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila bima ina lori ndani yake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo huwalinda watu wengine wanaodhuriwa na gari lako. Haitengenezi gari lako mwenyewe, na peke yake haimtumi mtu yeyote kuja kulivuta. Wenye magari ya bei nafuu, ambao aghalabu hununua bima hii kwa mwezi mmoja mmoja, hawana budi kutafuta mpango wa usaidizi kando.

Kosa la pili huwapata hata wale walio na bima kamili. Mikataba mingi ya bima hiyo hutaja kiasi fulani cha fedha za kuvutia gari, na mwenye gari akikisoma kifungu hicho hupumua kwa raha. Hata hivyo, kwa kawaida fedha hizo hutolewa baada ya ajali. Gari lililokatika mkanda wa injini, lililopasuka rejeta au lililokufa betri halijapata ajali kwa lugha ya bima, bali limeharibika, na uharibifu wa mitambo ni miongoni mwa mambo ambayo bima kamili huyaacha nje. Kuokolewa kwa sababu hiyo ni huduma tofauti. Ni lazima itajwe kwa jina katika mkataba, pamoja na nambari ya kupiga na mipaka yake.

Kwa hivyo swali la kumwuliza wakala wa bima si "Je, mnavuta gari?" Atajibu ndiyo. Swali ni hili: "Gari likizimika lenyewe usiku, bila ajali, nani atakuja, na nitalipa nini?" Jibu lake lionyeshwe kwa kidole ndani ya mkataba.

Gari la nyumbani au la biashara?

Mtego unaowanasa madereva wengi wa mitaa kama Soweto West umo katika neno moja: matumizi. Tangu Uber ilipoanza kazi Nairobi mwaka 2015, na kampuni nyingine za teksi za mtandaoni kufuata, magari mengi madogo kama Vitz, Demio na Note yamekuwa yakibeba abiria mchana na kumpeleka mwenyewe kanisani Jumapili. Mwenye gari anayelikatia bima ya matumizi ya kibinafsi, ili apunguze gharama, huku akilitumia kama teksi, anaweza kunyimwa fidia siku ya ajali. Mipango ya uokoaji nayo aghalabu hutenga magari ya kibinafsi na ya biashara, kwa sababu teksi hutembea saa nyingi zaidi na hivyo huharibika mara nyingi zaidi.

Umri wa gari pia huzingatiwa. Baadhi ya mipango huyakataa magari yaliyopita umri fulani, na mengine hukubali kuyavuta lakini si kuyatengeneza barabarani. Vilevile kuna mipango inayomfuata mtu, hata akiwa ndani ya gari la jirani, na mingine inayofuata nambari ya usajili wa gari. Dereva anayeendesha gari la tajiri kwa makubaliano ya kupeleka hesabu kila jioni anafaa kuujua mpango wake ni wa aina gani. La sivyo, huenda akabadilishiwa gari na kujikuta ameachwa nyuma na uanachama wake.

Njia bora ni kusema ukweli siku ya kujiandikisha: gari ni la mwaka gani, linafanya kazi gani, linalala wapi. Mpango wa biashara utagharimu zaidi, lakini ulio nafuu usiokuhusu ni fedha zilizotupwa. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Lori litafika wapi?

Matangazo mengi huahidi huduma "kote nchini, saa 24". Ahadi hiyo yahitaji kupekuliwa. Mhudumu aulizwe waziwazi iwapo lori hufika Kibera usiku, na kama hufika, litaishia wapi. Lipo jibu la haki na jibu la kukwepa. Jibu la haki ni kwamba lori litafika kwenye lami ya Kibera Drive, na gari lililoko kwenye njia nyembamba lisukumwe hadi hapo. Jibu la kukwepa ni "tutaona hali ya usalama itakavyokuwa." Mwenye kupewa jibu hilo amekwisha kuambiwa kwamba usiku wake hautahudumiwa.

Kampuni nyingi za uokoaji hazimiliki malori yote zinayoyatuma, bali zina makubaliano na wenye malori katika maeneo mbalimbali. Hilo si baya. Lililo muhimu ni kujua kama kuna lori la karibu na kama mwenye lori hulipwa na kampuni moja kwa moja. Mpango unaomtaka mwanachama alipe kwanza kisha arudishiwe fedha baadaye haumfai mtu aliyekwama akiwa na mia mbili mfukoni. Aidha, mipango ya aina hiyo huweka sharti kwamba kampuni ipigiwe simu kabla gari halijaguswa. Anayemwita rafiki yake mwenye brekidauni kwanza, kisha akapeleka risiti, huenda asilipwe hata ndururu.

Mahali pa kuelekeza lori pia pafikiriwe mapema. Mitaa mingi ya Kibera haina majina ya barabara wala nambari za nyumba. Dereva mwerevu huwa na alama za kutaja, kama vile shule, kanisa au kituo cha mafuta kinachojulikana, na hujifunza kutuma ramani ya mahali alipo kwa simu.

Hesabu ya kilomita

Kifungu kinachoficha gharama kubwa kuliko vyote ni kile cha umbali. Mipango mingi huvuta gari bure hadi kilomita kadhaa, kisha kila kilomita inayozidi hulipiwa. Chukua mfano wa dereva wa Soweto West anayesafiri kwenda mashambani magharibi mwa Kenya wakati wa Krismasi, gari likamharibikia Nakuru, takriban kilomita 160 kutoka Nairobi. Tuseme mpango wake unampa kilomita 50 za bure, na kila kilomita ya ziada ni Sh150.

Iwapo kilomita zinahesabiwa kutoka gari lilipokwama hadi Nairobi, atalipia kilomita 110, yaani Sh16,500. Lakini iwapo zinahesabiwa tangu lori linapotoka kituo chake cha Nairobi, kwenda na kurudi, safari nzima ni kilomita 320. Atalipia 270, ambazo ni Sh40,500. Bei ya kilomita ni ile ile, na kilomita za bure ni zile zile. Tofauti ya Sh24,000 imetokana na sentensi moja tu ambayo hakuisoma. Huenda ingemfaa zaidi avutwe hadi gereji ya karibu Nakuru, mradi mpango wake unamruhusu kuchagua.

Mifano hiyo ya bei ni ya kuonyesha njia tu, na kila mmoja anafaa kuweka takwimu za mpango wake. Vivyo hivyo, ahesabu gharama za mwaka uliopita. Tuseme mpango ni Sh6,000 kwa mwaka. Dereva alipata pancha mara tatu kwa Sh200 kila moja, akaamshiwa betri mara moja kwa Sh500, na akavutwa mara moja kwa Sh5,000. Jumla ni Sh6,100. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba pancha na betri si sababu ya kununua mpango. Mchana, fundi wa pancha hayuko mbali na Olympic, wala na barabara ya Naivasha kule Kawangware. Kinachonunuliwa hasa ni lori, usiku na safari ndefu. Mpango unaojisifia kubadilisha tairi huku ukibana uvutaji umetanguliza kilicho chepesi.

Lori la aina gani?

Si kila gari huvutwa kwa kamba. Gari la gia otomatiki likiburutwa huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa ardhi, gia huzunguka bila mafuta ya kutosha kwa kuwa pampu inayoyasukuma hutegemea injini. Ukarabati wa gia hizo waweza kupita mara nyingi gharama ya kuvutwa. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na yale yanayotumia petroli pamoja na umeme kama vile Toyota Prius na Aqua, yanastahili lori linalobeba gari zima mgongoni. Mwenye gari la namna hiyo ahakikishe mkataba wake unataja lori hilo, na kwamba halitozwi nyongeza.

Hata gari la gia za mkono likivutwa kwa kamba lina hatari yake. Injini ikiwa imezimwa, breki huwa nzito na usukani nao huwa mgumu. Ufunguo usitolewe, la sivyo usukani utajifunga.

Pima kabla ya kulipa

Kuna jaribio lisilogharimu chochote. Kabla ya kujiandikisha, piga nambari ya dharura ya kampuni hiyo Jumapili usiku. Simu inapokelewa baada ya muda gani? Anayeipokea anaijua Kibera, au anauliza iwapo iko karibu na Kitengela? Baada ya hapo, waulizwe madereva wa teksi na matatu kituoni. Wao ndio mashahidi bora, kwa kuwa walikwama na wanakumbuka walingoja kwa muda gani.

Mambo mengine ya kuuliza ni haya: huduma inaweza kutumika mara ngapi kwa mwaka? Inaanza kufanya kazi siku ya malipo au baada ya siku kadhaa? Gari lililokwama kwenye matope au lililoingia maji ya mafuriko linahesabiwa? Likifika gereji usiku na kukuta imefungwa, litahifadhiwa wapi, na kwa gharama ya nani?

Uthabiti wa kampuni yenyewe uchunguzwe pia. Blue Shield mwaka 2011, Resolution mwaka 2022 na Xplico mwaka 2023 ni baadhi ya kampuni za bima zilizowekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Yanapotokea hayo, nyongeza ya uokoaji iliyobebwa na bima huwa mashakani pamoja na bima yenyewe. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hutangaza orodha ya kampuni zilizo na leseni, na kuikagua ni kazi ya dakika chache. Mamlaka hiyo pia hupokea malalamishi ya wenye bima. Kwa jumla, Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kuomba mkataba na kuusoma kabla ya kulipa ni haki, si usumbufu.

Wasioweza kulipa

Wako madereva ambao gari lao ni kuukuu mno kukubaliwa, au ambao ada ya mwaka huwalemea. Hawa wanaweza kurudi kwenye wazo lile la 1919. Madereva 20 wa kituo kimoja wakichanga Sh100 kila wiki hukusanya Sh2,000, ambazo kwa mwaka ni Sh104,000. Kwa fedha hizo wanaweza kuafikiana na mwenye brekidauni mmoja wa karibu kuhusu bei ya mchana, ya usiku na ya kila kilomita, mambo yote yakaandikwa na kutiwa saini. Kikundi kina nguvu ya kupatana ambayo mtu mmoja aliyelowa mvua hana.

Fungu hilo liwe na masharti: liwekwe kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, lisikopeshwe kwa shughuli nyingine, na iamuliwe mapema kila mwanachama atasaidiwa mara ngapi. Vyama vingi huvunjika kwa kukosa hilo la mwisho.

Asiye na mpango wala chama asikubali gari lake lifungwe mnyororo kabla ya bei kutajwa na kuafikiwa, pamoja na mahali litakapopelekwa na ada ya kuliegesha huko. Baada ya ajali hasa, malori hufika yakishindana, na mwenye gari aliyeshtuka hukubali lolote. Ajali ikiwa imejeruhi mtu, gari lisiondolewe kabla polisi hawajafika, isipokuwa kwa ajili ya kumwokoa aliyeumia.

Mpango wowote hauondoi wajibu wa dereva mwenyewe. Tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, nyaya za kuamshia betri, tochi, na vibao viwili vya pembetatu vya kuonya wengine ni vitu visivyofaa kukosekana. Gari likizimika kwenye barabara ya kasi kama Southern Bypass, inayopita ukingoni mwa Kibera, abiria washuke na wasimame mbali na lami, si nyuma ya gari.

Ajali haina kinga, wahenga walisema, na kukwama hakuna miadi. Lakini yule dereva wa Kibera Drive anayejua ni nani atakayepokea simu, lori litatoka wapi, litafika lini na litamtoza nini, atalowa mvua kwa muda mfupi tu. Asiyejua atayapata majibu hayo usiku ule ule, kwa bei atakayotajiwa.